Sirizi ikipelekwa sinema: jinsi ya kwenda, kushangilia na kurudi bila kinyongo

Swali ambalo washikaji wananiuliza sana siku hizi ni hili, kwa nini nikatoe hela sinema kuangalia kitu ambacho kitakuwa kwenye simu yangu saa hiyohiyo? Jibu inategemea, ila tangu ile episodi ya mwisho ya Stranger Things, sirizi ya kutisha ya Netflix, ionyeshwe kwenye majumba ya sinema Marekani na Kanada tarehe 31 Desemba 2025 na kesho yake, watu wamekuwa wakirushiana maneno tu, huyu anasema ulikuwa usiku mtamu kuliko yote, yule anasema kelele zimemharibia kila kitu, wa tatu anasema ameuziwa bisi kwa bei ya tiketi. Basi nimeona niandike yote sehemu moja, kwa ambaye hajawahi kwenda na kwa aliyeenda akarudi amenuna.

Msimamo wangu nautaja mapema. Pale hulipii episodi. Episodi utaipata nyumbani, siku ileile au baada ya wiki kadhaa, kwa hela ya mwezi ambayo tayari unakatwa. Unacholipia ni watu. Ukumbi umejaa watu ambao wamekaa na hao wahusika tangu 2016, wanajua yule dogo alianzaje, wanajua nani alikufa kionevu, na kitu kikitokea mnaruka wote. Ukishalielewa hilo maamuzi mengine yanakuwa marahisi, uende siku gani, ukae wapi, uende na nani, upige kelele kiasi gani. Na kama watu wanakukera tu kwa asili yako, wala hakuna ubaya, baki nyumbani na blanketi lako.

Kwanza ujue unaenda kuonyeshwa nini

Hapa ndo wengi wanapopigwa. Tangazo linasema "inakuja kwenye sinema" basi mtu ananunua, hajui kuna aina tatu na kila moja ina utamu wake.

Kuna inayoonyeshwa sambamba na TV. Doctor Who, ile sirizi ya Uingereza ya Daktari anayesafiri kwenye wakati, walifanya hivyo tarehe 23 Novemba 2013, sirizi ilipotimiza miaka 50, BBC wakarusha episodi maalum kwa wakati mmoja nchi 94, na kwenye sinema ikaonyeshwa kwa 3D, mpaka Guinness wakaiandika kama rekodi. Juni 2024 wakarudia kwa staili nyingine huko Uingereza, unaingia usiku, unaangalia kwanza episodi ya wiki iliyopita, halafu saa sita usiku inaanza ya mwisho wa msimu pamoja na wanaoiangalia nyumbani. Stranger Things nayo ni ya kundi hili, ilianza saa mbili usiku kwa saa za New York, muda uleule Netflix walipoifungua. Aina hii mimi ndo naipenda, kwa sababu hakuna mtu ukumbini aliyeiona, hakuna mjuaji, hakuna wa kukunong'oneza "subiri hapa uone". Mshangao wote ni wa kweli.

Kuna inayotangulia sinema kabla ya kwenda nyumbani. The Chosen, ile sirizi ya maisha ya Yesu, msimu wa 4 wote ulipelekwa sinema kuanzia tarehe 1 Februari 2024, episodi 8 zimekatwa mafungu matatu, tatu, tatu, halafu mbili, yaani anayetaka kuumaliza msimu anarudi dirishani mara tatu. Waliokwenda na kanisa zima wala hawakulalamika, walikodi basi wakaenda, wakatoka wanaimba. Aliyeenda peke yake na watoto wanne lazima apige hesabu. Aina hii ina hatari yake, kwa sababu unanunua kitu ambacho hakuna mtu amekipima. Marvel walipeleka episodi mbili za kwanza za sirizi yao ya Inhumans kwenye IMAX, zile skrini kubwa kupita kawaida, Septemba 2017, wiki kadhaa kabla ya televisheni ya ABC kuanza kuirusha, na skrini ile kubwa ikawaumbua. Nywele za yule malkia ambazo kwenye simu ungezisamehe, kwenye ukuta mzima zilikuwa ni wigi tu, na watu walicheka pale ambapo hawakutakiwa kucheka. Sirizi yenyewe iliishia episodi 8.

Na kuna ya marudio, vitu vilivyokwisha kuruka vinapakwa rangi upya na kuwekewa sauti ya sinema. HBO walifanya hivyo na Game of Thrones mwishoni mwa Januari 2015, episodi mbili za mwisho za msimu wa 4 kwenye IMAX za Marekani, na chambo kilikuwa trela ya msimu wa 5. Wajapani wameigeuza kuwa utaratibu kabisa. Demon Slayer, moja ya anime zao (katuni za Kijapani), mwaka 2023 walichukua episodi mbili za mwisho za sehemu iliyopita, wakaunganisha na ya kwanza ya sehemu inayofuata, wakaiuza kama tiketi moja. Kila ikija hivyo kuna watu wanatoka wamevimba, "sasa zaidi ya nusu si nilishaiona!" Ndugu yangu, ilikuwa imeandikwa. Kabla hujalipa tafuta hayo maneno mawili matatu yanayosema ni episodi namba ngapi mpaka ngapi, halafu jiulize kama ile vita utapenda kuiona kwa ukubwa huo na sauti ya kutikisa siti. Kwa ile vita ya kwenye ukuta wa barafu ya Game of Thrones mimi nasema ndiyo, ile ni ya kutikiswa, na giza lake ambalo kwenye TV ya sebuleni lilikuwa linakuonyesha sura yako mwenyewe, sinema unaona mpaka mtu wa mwisho kule chini. Kwa episodi ya watu kukaa mezani wanaongea, hapana.

Hela, na hii habari ya bisi

Hii ya Stranger Things iliwachanganya wengi kwa sababu sinema hazikuuza tiketi. Unabuku siti, halafu unacholipia kinaitwa vocha ya vyakula, kwenye sinema za AMC ilikuwa dola 20, za Regal wakaweka 11 kumuenzi yule binti wa kwenye sirizi anayeitwa Eleven, yaani kumi na moja, na hela hiyo unaimalizia kaunta kwa bisi na soda. Iliripotiwa kuwa sababu ni mikataba ya waigizaji, tiketi zingeuzwa kungekuwa na malipo mengine ya kugawana, vocha ikakwepa hilo. Sinema zikabaki na hela yote ya vocha, na AMC peke yao walitangaza watazamaji zaidi ya 750,000, piga hesabu mwenyewe.

Ukikutana na mtindo huu tena, jua kwamba kila mtu ukumbini ana vocha na kila mtu ataitumia muda uleule. Mstari wa kaunta ule ulikuwa hauelezeki. Watu wamekumbatia ndoo za bisi mbilimbili, mama mmoja mbele yetu kavaa fulana ya Hellfire Club, ile klabu ya kwenye sirizi, kashika soda tatu na nachos na bado anaambiwa ana dola nne hazijaisha, anamwambia kijana wa kaunta "nipe chochote mwanangu, nipe hata maji, saa imefika." Kwahiyo fika mapema, saa moja kabla si ushamba, na mkiwa mmeenda wawili mmoja ashike siti mwingine apange mstari. Na usihesabu kwamba zitatangulia trela za dakika ishirini za kukusubiri, tukio la kurushwa sambamba linaanza saa yake.

Kingine, tiketi za watu wa mtaani. Korea Mei 2024 walipofanya onyesho la mashabiki la episodi ya mwisho ya Lovely Runner, tamthilia yao ya mapenzi, waigizaji wenyewe wapo, siti ziliisha fasta halafu zikaonekana mtandaoni zinauzwa kwa bei za ajabu. Usinunue huko. Siti ya sinema siku hizi ni msimbo wa kuskani ndani ya simu, mtu anaweza kuiuza kwa watu watano, na atakayeingia ni wa kwanza kuskani.

Kuchagua saa na siti

Nimeshasema unalipia watu, kwahiyo chagua watu. Onyesho la kwanza la usiku ndo lina mashabiki wa damu, waliovaa, wanaolia, wanaojua mpaka jina la mbwa. Onyesho la kesho yake mchana ni la familia na watu waliosikia habari tu, limetulia, watoto wanauliza maswali. Mimi nikiwa na sirizi ya moyoni naenda la kwanza, nikiwa nafuatilia tu ili nisipitwe naenda la mchana, na kama unampeleka mzazi au mtu asiyependa vurugu usimpeleke la kwanza halafu ukaanza kumwomba msamaha kila dakika.

Siti, watu wengi wanakimbilia katikati nyuma na wako sahihi kwa picha. Kwa vibe, safu za katikati kabisa ndo zinachemka, kelele zinakuzunguka. Pembeni karibu na njia ni kwa mwenye kibofu kidogo, na usione aibu, episodi hizi siku hizi ni filamu kamili, hiyo ya Stranger Things ilizidi masaa mawili, na hakuna kusimamisha. Ukishamaliza soda ya lita nzima uliyoinunua kwa kulazimishwa na vocha utanielewa.

Kama unaenda na mtu ambaye Kiingereza cha haraka kinamsumbua, labda mama kaja kuwatembelea huko Marekani au mdogo wako kafika juzi, uliza mapema habari ya maandishi. Sinema nyingi Marekani zina kifaa kidogo cha kuonyesha maandishi, unakiomba kaunta, na kuna maonyesho mengine maandishi yapo palepale kwenye skrini. Lakini kwa matukio haya ya siku moja usidhani tu kwamba kipo, piga simu. Mtu akipitwa na maneno wakati ukumbi mzima unacheka, anabaki anacheka kwa kufuata mkumbo, na hiyo inachosha sana.

Kabla hujatoka nyumbani

Rudia episodi ya mwisho iliyotangulia, hata kama unaikumbuka. Stranger Things walitoa msimu wa 5 kwa mafungu, Novemba 26, Krismasi, na Desemba 31, na bado kulikuwa na watu ukumbini wanaulizana "huyu si alikufa?" Kama unaenda na mtu ambaye hajawahi kuangalia kabisa, aisee, kaa naye chini nyumbani umpe hadithi kwa dakika kumi, nani ndugu ya nani, nani adui, basi. Usimhadithie ukumbini. Hakuna kitu kinachoudhi safu nzima kama jamaa anayemtafsiria mpenzi wake misimu minne iliyopita huku ya sasa inaendelea.

Mavazi, vaa, kwa nini usivae, usiku wenyewe ndo huo. Ila sinema nyingi za Marekani hazitaki kinyago cha kufunika uso mzima wala silaha ya bandia, hata kama ni upanga wa plastiki wa anime, watakurudisha nayo kwenye gari. Na wigi refu au kofia kubwa ivue taa zikizimwa, aliye nyuma yako naye kalipa.

Simu, hakikisha ina chaji lakini uizime arifa zote nusu saa kabla. Si kwa ajili ya wengine tu, kwa ajili yako, maana wakati wewe upo kwenye mstari wa bisi kuna mtu kashaweka stetasi.

Ndani ya ukumbi, sasa

Kelele. Hapa ndo penye ugomvi wote.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua kuangalia kitu kimya ni adhabu. Kibandani mtu anamwambia steringi ageuke nyuma, mwingine anamjibu, na juu ya hao wote kuna sauti ya mtafsiri, Tanzania enzi hizo Lufufu, Kenya DJ Afro, Uganda VJ Jingo, anaongeza maneno ambayo hata kwenye filamu hayapo na ndo yanafanya filamu iwe tamu. Kwahiyo mtu anapoandika kwamba "watu walipiga makofi, ustaarabu umeisha", mimi huwa namshangaa. Makofi ni sehemu ya bei. Ila kibanda kina faida moja ambayo sinema haina, mwenye kibanda anaweza kurudisha nyuma. Sinema hakuna rimoti. Sentensi ikipita chini ya kelele zako imepita, na mwenzako alisubiri miaka kuisikia.

Kanuni ninayotumia mimi, shangilia picha, nyamazia maneno. Mtu akitokea mlangoni ambaye hakuna aliyemtegemea, lipuka, piga vigelegele, simama hata. Akifungua mdomo, funga wako. Mfano mzuri ni ile Doctor Who ya 2013 niliyoitaja. Daktari ndo mhusika mkuu, na anabadilishiwa mwigizaji kila baada ya muda. Kuna mahali ma-Daktari wote wa zamani wanakuja kusaidia, mkubwa wa jeshi anasema wapo wote kumi na wawili, msaidizi wake anamsahihisha, kumi na watatu! na skrini inaonyesha macho tu ya Peter Capaldi, ambaye alikuwa ametangazwa kuwa Daktari ajaye na hakuna aliyetegemea kumwona siku ile. Sekunde chache hivi. Ukumbi ulilipuka kila mahali, na ilikuwa sawa kulipuka, kwa sababu yale macho hayakuwa na maneno. Lakini dakika chache baadaye Tom Baker, mmoja wa ma-Daktari wa zamani, anatokea, mzee kabisa, na anachokuja kufanya ni kuongea, polepole, kwa sauti ya chini. Hapo waliojua kitu walipiga ukelele mmoja wakajibana, na waliozidisha walikosa nusu ya maneno ya mzee wakasubiri kurudi nyumbani wayasikie. Soma tukio, kama linaelekea kwenye mazungumzo, ukelele mmoja unatosha.

Kulia, lia. Hakuna anayekuangalia, wote wanalia. Beba tishu, na ukiwa na ya ziada mpe jirani, hapo ndo urafiki unaanzia.

Kucheka ni kugumu zaidi. Kuna kicheko cha uoga, mtu akiona jambo zito anacheka, na kuna kicheko cha dharau, cha mtu anayetaka ukumbi ujue yeye yupo juu ya haya mambo. Hicho cha pili kinaua ukumbi mzima. Kama episodi imekuboa, na inatokea, miisho ya sirizi inaboa sana tu, subiri utoke. Utakuwa na usiku mzima na mtandao mzima wa kuitukana.

Kusema maneno ya wahusika kabla hawajayasema, kwenye yale maonyesho ya marudio, ni ruksa kama ukumbi mzima unafanya. Kama ni wewe peke yako, acha.

Ukiwa umekaa karibu na mtu anayezidisha, usigeuke na macho ya hakimu. Subiri patulie, mwinamie, "samahani kaka, hapa naomba nisikie kidogo." Mara nyingi inatosha, maana naye ni shabiki, alijisahau tu. Kwa mtu mzima kuliko wewe anza na shikamoo kama ni wa kwetu, utashangaa hasira inavyoyeyuka. Haikutosha, toka mwite mhudumu, usianzishe bunge gizani.

Simu na kurekodi

Hapa sina mzaha. Kurekodi skrini sinema Marekani ni kosa la jinai kwa sheria ya taifa tangu 2005, hata kama ni vipande tu vya kuweka TikTok, mhudumu akiamua kuwa mkali anaita polisi. Na hata ukiweka sheria pembeni, ule mwanga wa simu kwenye giza unamchoma aliye safu tano nyuma yako. Doctor Who 2013 waliliona hili mapema, kabla ya episodi walitengeneza kipande maalum cha sinema, yule Strax, askari mfupi wa kutoka sayari nyingine, anawapa watazamaji kanuni za ukumbi kwa vitisho, simu, kurekodi, kila kitu, na watu walicheka lakini simu zikaingia mfukoni. Natamani kila tukio lingekuwa na kitu kama hicho badala ya ile slaidi ya "tafadhali zima simu" ambayo hakuna anayeisoma.

Unataka kumbukumbu? Piga picha kabla ya kuanza, taa zikiwa zinawaka, wewe na fulana yako na ndoo ya bisi. Piga nyingine mkitoka, nyuso zimevimba kwa kulia. Hizo mbili zinapata laiki kuliko video ya skrini inayotikisika.

Ukishatoka

Usimwage mchele kwenye kuku wengi. Wakati wewe unatoka sinema Atlanta kuna mtu Dar ameweka alamu na hajaamka. Hesabu ya ile episodi ilikuwa hivi, saa mbili usiku New York ni saa saba usiku London, saa kumi alfajiri Nairobi na Dar, saa kumi na moja alfajiri Muscat, tena tarehe 1 Januari, watu wametoka mkesha kanisani au kwenye fataki. Mtu huyo ana haki ya kuamka, kunywa chai, na kuiangalia kwa amani. Kwenye grupu la familia usiandike chochote, hata "siamini walichomfanyia", maana hiyo tu imeshasema kuna mtu kafanywa kitu. Hata emoji ya jeneza ni spoila. Mimi kwenye magrupu yangu tunaipa siku tatu, mwenye haraka anaenda inboksi kwa mtu ambaye amehakikisha ameshaona.

Ila pale nje ya ukumbi, kwenye ile korido na kwenye maegesho ya magari, mwaga yote. Hiyo nusu saa usiikimbie. Watu msiojuana mnasimama kwenye baridi mnabishana kama yule binti ni mzima au amekufa, kila mtu ana ushahidi wake, mmoja anaonyesha kwa mikono tukio lilivyokuwa, mlinzi anawaambia nendeni nyumbani hamwendi. Angalia tu wanaoingia onyesho linalofuata wasiwe wanapita hapo, ukiwaona wamepanga mstari shusha sauti au sogea.

Kama kwenu haionyeshwi

Tuseme ukweli, matukio haya mengi yanaishia Marekani, Kanada, Uingereza, Japani, Korea. Sinema zaidi ya 500 za ile Stranger Things hakuna hata moja iliyokuwa upande wetu wa Afrika Mashariki. Kwahiyo unatengeneza ya kwako, na inaweza kuwa tamu kuliko, mradi ujipange.

Watu kumi sebuleni wanatosha, ilimradi wote ni wafuatiliaji, usijaze majirani waliokuja kwa ajili ya pilau. Projekta ya kukodi na shuka jeupe lililonyooshwa pasi vinafanya kazi, giza ndo muhimu kuliko ubora wa projekta, kwahiyo kama ni saa kumi alfajiri una bahati, lakini ikizidi masaa mawili jua litakukuta, funika madirisha kwa khanga nzito au mablanketi toka jana yake. Sauti usitegemee spika ya projekta, inakoroma, chomeka sabufa.

Usitegemee pia kukasti, yaani kurusha picha kutoka simu kwenda TV, dakika ya mwisho, Netflix mwishoni mwa 2025 waliondoa uwezo huo kwa TV nyingi, tafuta laptopu na waya wa HDMI, jaribu jana yake na akaunti yenyewe. Na kama intaneti yako ni ya kubembeleza, kubalianeni kuanza kwa kuchelewa kidogo, episodi ikifunguliwa msiikimbilie dakika ileile, maana siku ya kwanza ya msimu ule, Novemba 26, Netflix yenyewe iliyumba kwa muda kwa watu waliojazana, sembuse bando lako. Wakati mnasubiri kaanga maandazi. Simu zote ziwe kwenye kapu moja mpaka mwisho, pamoja na ya mwenye nyumba.

Hela, changeni ya chakula na projekta, hapo mko nyumbani kwa mtu. Ukianza kubandika tangazo na kutoza kiingilio mlangoni hiyo ni biashara, akaunti ya nyumbani hairuhusu, na kuonyesha filamu hadharani kunahitaji kibali, Kenya ni kwa KFCB, bodi yao ya filamu, Tanzania kwa Bodi ya Filamu. Mwenye kutaka kufanya kwa ukubwa ni bora mwende kikundi kwa meneja wa sinema ya mjini kwenu miezi kadhaa kabla, mkiwa na orodha ya majina ya watu walio tayari kulipa, mumwambie aulize kwa wasambazaji wake. Anime ndo rahisi kuanza nazo, kwa sababu zile za kuunganisha episodi husambazwa kama filamu ya kawaida na meneja anajua karatasi zake. Nendeni siku ya katikati ya wiki, mchana, Ijumaa jioni hatakuwa na muda wa kuwasikiliza.